Kibebeo cha mtoto kwenye mawe na maji ya Mwanza: uzoefu wangu

Akina mama ninaokutana nao kliniki wakikiona kibebeo cha mtoto kifuani kwangu swali lao ni moja: hicho kitu kinafaa kweli? Kinafaa. Na kwa mtu wa Mwanza anayependa kutoka na mtoto, kinafaa kuliko kigari cha magurudumu. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Anayeishi Igogo, Mabatini, Isamilo au mlima wa Bugando anajua kwamba kutoka nyumbani hadi barabarani kuna ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, mtaro wa kuruka, na kijia ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja kusimama pembeni. Kigari tulichopewa zawadi siku za arobaini ni kizuri mno, ila kimebaki sebuleni, mtoto analalia mchana.

Changu ni kile cha mikanda miwili ya mabegani na mkanda mpana wa kiunoni, vinafungwa kwa klipu. Nilikipata mtumba pale Mlango Mmoja kwa Sh 25,000. Kabla ya hapo nilizunguka maduka ya vitu vya watoto mjini, nikakuta vipya vya bei inayokaribiana na hiyo, vina maua na vikatuni, lakini klipu zake nyepesi na kiunoni hakuna hata sponji. Ukichagua mtumba, usiangalie rangi. Shika pale mkanda unapoingia kwenye kitambaa, uvute kwa nguvu zako zote, na kama kuna uzi unaochungulia, kirudishe. Funga na kufungua kila klipu mara kadhaa, isikike "ta!" ikifunga, na isifunguke ukiivuta bila kubonyeza. Kitambaa kilichopauka kwa jua kimeshachoka, hata kama hakijachanika. Halafu angalia kiuno. Mkanda wa kiunoni ndio unaobeba uzito. Ukiwa mwembamba, mabega yatawaka moto kabla hujafika stendi.

Kitu kingine cha kukagua ni makalio ya mtoto yatakaa wapi. Vipo vibebeo ambavyo kitambaa cha katikati ni chembamba, mtoto ananing'inia kwa sehemu za siri na miguu inaning'inia chini. Vya namna hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote anunue, maana nyonga za mtoto mchanga bado ni laini na mkao ule hauzisaidii. Kitambaa kinatakiwa kifike kutoka goti hadi goti, mapaja yashikwe yote, magoti yawe juu kidogo ya makalio, akae kama chura. Kidevu kisilalie kifua. Uso uuone muda wote, na ukiinamisha shingo uweze kumbusu utosini bila kujikunja.

Mama mkwe alipotuona mara ya kwanza aliniuliza, "Mkwe wangu, mtoto anapumua kweli humo?" Wapo waliolichukulia swali lile kama maneno ya wazee. Mimi naona ndilo swali la kuuliza kila baada ya muda mfupi, hasa akisinzia. Ninapitisha vidole viwili chini ya kidevu chake, vikipita vizuri naendelea na safari. Akiwa amelala simgeuzi kutazama mbele. Anageukia kifuani kwangu.

Sasa khanga. Sijaiacha na sitaiacha. Mbeleko ya khanga haina sponji wala klipu za kutunza joto, inakauka upesi, unaitandika chini ukitaka kumbadilisha nepi, unajifunika ukinyonyesha, na mtoto akiugua usiku hakuna kinachomtuliza kama mgongo wa mama yake ndani ya khanga. Nyumbani, sokoni, kanisani, natumia khanga. Lakini kwenye kupanda na kushuka mawe, khanga inalegea na unabaki na mkono mmoja nyuma kumshikilia. Kibebeo kinaniachia mikono yote miwili, na mlimani mikono ndiyo uhai.

Na kuna jambo ambalo peke yake limerudisha hela yangu. Mume wangu anakivaa. Khanga mgongoni hakuwahi kukubali, na hapa kwetu ni wanaume wachache watakaokubali kupita nayo Barabara ya Kenyatta mchana kweupe. Kibebeo alikiangalia, akarefusha mikanda, akamweka mwanawe kifuani akatoka naye kwenda kununua mkate. Siku hizi tukitoka kwa miguu yeye anakwenda nacho na mimi narudi nacho. Vijana wa bodaboda pale kona wanamwita "baba mlezi" na anafurahi kweli.

Kwenye daladala kinasaidia wakati wa kupanda na kushuka tu. Ukishakaa, legeza mikanda ya mabegani umpakate. Kwenye gari dogo hakiwezi kutumika badala ya kiti cha mtoto, na kwenye bodaboda mimi sipandi na mtoto, awe kwenye kibebeo au kwenye khanga.

Sehemu iliyonionyesha thamani ya kibebeo ni Saanane, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Victoria karibu na mji. Mume wangu alipelekwa kule na shule akiwa darasa la tatu, enzi hizo bado ikiitwa bustani ya wanyama. Ilianzishwa 1964, ya kwanza nchini, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi kisiwani kabla ya hapo. Ikawa hifadhi ya taifa 2013. Mume wangu alitaka sana mwanawe apaone. Boti inaondokea ofisi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kule Capri Point, kuvuka ni muda mfupi, na mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio.

Watu wengi wakisikia hifadhi wanawaza Serengeti, kuamka saa kumi usiku na kukaa garini kutwa. Kwa mtoto wa miezi minane hiyo ni adhabu, kwake na kwako. Saanane yote ina kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo, ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa Tanzania, na kwa mwenye mtoto huo udogo ndio utamu wake. Akilia, hauko mbali na kivuli. Akichoka, hauko mbali na boti. Unatembea kwa mwendo wako, unasimama unapotaka.

Njia zinapita katikati ya mawe makubwa, nyingine zinapanda hadi juu unakouona mji wote na ziwa. Ndipo kibebeo kilipofanya kazi yake. Kuna mahali unapanda kwa kushika mwamba, na nilishika. Mtoto alikuwa macho, ameegemeza shavu kifuani, ananiangalia kidevuni. Tulipofika kwenye mawe ya pimbi, walikuwa wamejianika juani, mmoja ametulia kabisa hatua chache kutoka kwetu, anatafuna kitu. Nilimsogeza mtoto ubavuni apate kuona. Alinyamaza kwanza. Kisha akaanza kupiga miguu, visigino vinanigonga kiunoni, anapiga kelele za furaha, na pimbi wala hakuhangaika. Kwa mtoto wa umri ule swala wako mbali mno, macho yake hayakuwafuata. Pimbi na mijusi wenye vichwa vyekundu ndio walikuwa safari yake yote, tena mijusi hiyo iko hata kwenye ukuta wa nyumba yetu. Kwa hiyo usiende ukitegemea mtoto afurahie wanyama wakubwa. Wewe utawafurahia, yeye atafurahia kilicho karibu.

Tulikaa chini ya mti nikanyonyesha. Ni rahisi: unalegeza mkanda mmoja wa begani na kushusha kiuno kidogo, mtoto anafikia titi bila kumtoa. Ila nilipomtoa baadaye tulikuwa tumelowa jasho sote wawili, na mshono wa kibebeo umejichora shavuni mwake. Hilo ndilo tatizo kubwa la kitu hiki kwa hali yetu ya hewa. Sponji inatunza joto. Mvalishe nguo moja nyepesi ya pamba, basi, maana kibebeo chenyewe ni nguo nyingine. Kofia ni lazima. Ondoka asubuhi, saa mbili au saa tatu, saa sita ikukute kivulini. Na kama mtoto hajatimiza miezi sita, joto lisikudanganye umpe maji. Maziwa ya mama yanamtosha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Upande wa maji una sheria yake, na hili naliandika kwa herufi nzito moyoni mwangu. Kabla ya kukanyaga boti, mtoto anatoka kwenye kibebeo. Wengi wanadhani akifungwa kwenye mwili wa mama ndiyo salama zaidi. Ni kinyume. Boti ikipinduka, mtoto aliyefungwa kwako anazama na wewe, uso wake umebanwa kifuani, na ndani ya maji huna muda wa kutafuta klipu. Jaketi okozi nalo halikai vizuri juu ya kibebeo, si kwako si kwake. Mimi nakivua ufukweni, nakiweka begini, navaa jaketi langu, mtoto anavaa la kwake, nampakata.

La kwake. Hapo ndipo pagumu. Kuna boti moja ya watu binafsi, jina silitaji, tulitaka kuikodi siku nyingine kwenda ufukwe wa upande wa pili. Majaketi yalikuwepo, yote ya watu wazima. Kijana wa boti akasema, "Mama, we mshike tu, ziwa limetulia." Tulishuka, na hela tuliyokuwa tumetanguliza haikurudi. Sisi wa kanda hii habari za kuzama kwa MV Bukoba 1996 na MV Nyerere 2018 hatukuzisoma gazetini tu. Karibu kila familia ina mtu wa kumtaja. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto mchanga ni sawa na kutomvalisha kitu, linampanda usoni au anachomoka chini. Uliza jaketi la mtoto kwa simu kabla hujatoka nyumbani. Hawana, panga safari ya nchi kavu.

Na za nchi kavu ziko. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, unashuka Kisesa kwenye barabara ya Musoma na kupanda kwa miguu, kibebeo kinatosha kabisa. Kwenye nyumba ya ngoma za watemi pana ubaridi mzuri na mtoto wangu alilala. Siku ya ngoma kubwa kaa mbali na wapigaji, masikio ya mtoto ni madogo. Kwa wenye bibi na babu Sengerema au Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea ile foleni ya kivuko chini ya jua. Kilomita 3 za daraja, mtoto hata hajamaliza kunyonya mko ng'ambo.

Tukiwa ufukweni, watu wananihimiza nimchovye mtoto miguu majini apigwe picha. Simchovyi. Kichocho kiko kwenye maji haya, hasa pale penye majani na konokono, ndipo hapo hapo kwenye kina kifupi ambapo mtu angemsimamisha mtoto, na vimelea vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Nina chupa ya maji ya nyumbani, namuoshea hayo mikono na miguu, anacheza na kopo na mchanga mkavu wa juu. Chakula chake nabeba uji kwenye chupa ya chai, na tukiagiza sato wa kuchemsha namtolea mnofu wa mgongoni, nausagasaga kwa vidole kutafuta miba kabla haujafika mdomoni. Saa kumi na mbili jioni tumeshaondoka, kwa sababu ya mbu. Kibebeo kinaacha miguu wazi, kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja anavaa soksi ndefu na suruali.

Kuhusu kufua: maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida, mkono. Usisugue sponji kwa brashi, na usikianike juani siku nzima; changu nakianika kivulini upande wa upepo na kinachukua karibu siku mbili kukauka wakati wa masika, ndiyo maana huwezi kuwa na kibebeo bila kuwa na khanga ya akiba. Mikanda ya mabegani, pale mtoto anapong'ata, nimeshonea vipande vya khanga kuukuu ninavyovitoa na kuvifua peke yake.

Mtoto wangu sasa anaanza kujivuta na kusimama kwa kushika kochi, na uzito wake nausikia nikipanda ngazi za nyumbani. Nimeanza kumbeba mgongoni humo humo kwenye kibebeo, kwa kuwa tayari anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mume wangu ananisaidia kumweka mpaka klipu ya mwisho ifungwe. Fundi wa viatu amenishonea upya mkanda wa kushoto kwa uzi wa viatu, kwa Sh 2,000, na mshono wake ni imara kuliko ule wa kiwandani.