Gundamma Katha: nyumba iliyoshonwa kwa mkasi

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Tangu niitazame filamu hii ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwekea kwanza wimbo wake mmoja, Kolo Koloyanna. Wapo N. T. Rama Rao, Akkineni Nageswara Rao, Savitri na Jamuna, jozi mbili, wanaimba na kuchekeana kama watu walioamka chini ya paa moja. Kumbe wote wanne hawakurekodiwa kwa pamoja. Walikuwa mastaa wa kugombaniwa, na kuwapata siku moja ilikuwa shida. Mwongozaji, Kamalakara Kameswara Rao, alimpiga picha aliyepatikana, kisha vipande vikaunganishwa. Nimeurudisha wimbo huo nyuma sijui mara ngapi nikitafuta mshono. Anayetazama kwa ajili ya kufurahi hatauona.

Filamu ni ya mwaka 1962, haina rangi, na imetengenezwa na Vijaya Productions ya Madras, kampuni ya B. Nagi Reddi na Chakrapani. Kisa walikitoa kwenye filamu ya 1958 ya Kikannada, lugha nyingine ya kusini mwa India, jina la Gundamma wakaliacha lilivyo. Kwa Rama Rao ilikuwa filamu ya 100, kwa Nageswara Rao ya 99. Sasa hapo nani aandikwe juu ya nani? Watayarishaji wakaamua vizuri: mwanzoni mastaa wanatambulishwa kwa picha zao, majina hayapo. Kila mtu alikuwa anazijua sura zile.

Gundamma ni mjane mwenye mali. Binti yake wa kumzaa, Saroja (Jamuna), analelewa kama yai. Lakshmi (Savitri), mtoto wa kambo, ndiye mtumishi wa nyumba. Tajiri mmoja, S. V. Ranga Rao kwa ucheshi wake mtulivu, anataka wanawe wawili wawaoe mabinti hao, basi mkubwa, Rama Rao, anaingia nyumbani kwa Gundamma akijifanya mtumishi, jina lake Anji. Kuna tukio la jiwe la kusagia ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu. Lakshmi amezoea kusaga peke yake. Anji, kaptura kiunoni, anaketi kwenye jiwe lile naye na kuanza kuimba kwamba ulimwengu wa wanawake umeamka usingizini. Staa mkubwa wa kiume, kwenye filamu yake ya mia, amekaa chini anafanya kazi ya jikoni! Mtazameni Savitri hapo. Hasemi kitu, ila uso unalegea kidogo kidogo, uso wa mtu ambaye hajawahi kusaidiwa.

Suryakantham ndiye Gundamma. Mkono wake wa kushoto ukiinuka tu, unajua kuna mtu ataumia. Ninachompendea ni kwamba hakumfanya kuwa shetani. Ni mama aliyempenda mtoto mmoja hadi akapofuka kwa mwingine. Nyimbo ni za Ghantasala, maneno ya Pingali, na picha ni za Marcus Bartley. Kwenye Enta Hayi, ule wimbo wa usiku, mwanga wa mbalamwezi umetua juu ya nyuso bila kuziunguza. Mimi nina taa za kisasa na bado nahangaika kumpata bibi harusi namna hiyo.

Sehemu ya Raja, yule mwana mdogo anayechezwa na Nageswara Rao, na Saroja sikuipenda yote. Raja anajifanya fukara ili amfundishe mkewe kazi, na adabu ile inarefushwa kupita kiasi. Jamuna anaibeba kwa ustadi, lakini ningekuwa mimi kwenye meza ya kuhariri ningepunguza hapo. Filamu inapita saa mbili na nusu, na uzito wake unausikia hapo tu.

Baadaye anaingia Durgamma, mkali kumzidi Gundamma mwenyewe, anamfungia Gundamma ndani ya nyumba yake mwenyewe. Saroja yuko mbali. Anayekuja kumfungulia ni Lakshmi. Nilikuwa nimeshika daftari niandike jinsi picha zilivyopangwa, na ukurasa ule hadi leo ni mweupe.