Giaboksi ya otomatiki ya mtumba: nyota 3 kati ya 5

Giaboksi yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na gereji iliyoifunga. Mara ya kwanza gari halikusogea, si D (mbele) wala R (nyuma), na chini mlio kama kokoto ndani ya sufuria. Fundi akasema oili haijatosha, akaongeza. Wapi! Giaboksi iliposhushwa tena, kumbe tok konveta (torque converter, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) haikuzama hadi mwisho kwenye pampu ya oili ya giaboksi. Walilazimisha kwa kukaza bolti, pampu ikapasuka. Ikikaa sawa, konveta huzunguka kwa mkono hata baada ya giaboksi kugusana na injini. Pampu walibadilisha bure, hapo heko. Lakini mabomba ya kupozea oili hawakuyasafisha mpaka nilipowasimamia. Sasa gia zinaingia laini.