H614D, DH04, Katumani na Gadam: pakiti ipi ya mbegu ubebe kutoka Nairobi

Kuanzia katikati ya Februari maduka ya pembejeo ya Nairobi hujaa watu wanaonunua mbegu ya shamba lisilo Nairobi. Mmoja anasubiri basi la Kitale, wa pili anakwenda Mwala, wa tatu ana robo ekari Joska. Muuzaji akiuliza, jibu la wengi ni moja: "Nipe 614." Hiyo 614, yaani mahindi ya H614D, ni mbegu nzuri sana, ila kwa mmoja tu kati ya hao watatu.

Tathmini hii inapima pakiti nne zinazopatikana kwa urahisi jijini, tatu za mahindi na moja ya mtama, kwa kipimo kimoja: jeni zilizo ndani ya punje zinaafikiana vipi na mwinuko, joto na mvua ya shamba lako. Rangi ya pakiti na picha ya hindi nene tumeziacha kando.

Soma jina kabla ya bei

Kwa mbegu za kampuni ya Kenya Seed, herufi na tarakimu ya kwanza zinakupa nusu ya jibu. H inayofuatwa na 6 ni chotara, yaani mbegu ya wazazi tofauti waliopandishwa, ya nyanda za juu. H na 5 ni ya mwinuko wa kati. DH ni ya maeneo makavu, na PH ni ya Pwani. Seed Co nao hutumia majina ya wanyama, lakini kinachokuhusu ni tarakimu: Duma 43 huwahi, Simba 61 huchelewa zaidi, na Tembo 73 huchelewa kuliko zote mbili. Muuzaji asiyeweza kukueleza haya anauza mbegu kama anavyouza misumari.

H614D

Ukoo wake unajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Michael Harrison wa kituo cha utafiti cha Kitale alileta mbegu kutoka Amerika ya Kilatini, mojawapo ikiwa Ecuador 573, hindi la kienyeji la nyanda za juu. Ilipopandishwa na Kitale Synthetic II, mbegu ya kituo hicho, mavuno yaliruka kupita ya wazazi wote wawili, na mwaka 1964 ikatoka H611. H614D, iliyoidhinishwa mwaka 1986, ni ya ukoo huohuo.

Damu hiyo ya milimani ndiyo inayoeleza tabia yake. Mmea huu hukua kwenye baridi bila kunyauka wala kugeuka zambarau ovyo, huweka majani mengi, na hauna haraka ya kuchanua. Hukomaa kwa miezi 6 hadi 7, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 hadi 2,100. Punje ni nzito na ugali wake hauna mpinzani.

Haraka ya kuchanua haitokani na jeni moja unayoweza kuibadilisha kama balbu. Jani hutengeneza ujumbe, protini inayotokana na jeni iitwayo ZCN8, ambao husafiri hadi ncha ya bua na kuiamuru iache kutoa majani, ianze mbelewele, yaani maua dume ya juu ya bua. Kuna jeni nyingine zinazokanyaga breki. Mojawapo ni ZmRap2.7, kwenye kromosomu ya 8, na swichi yake, Vgt1, iko mbali nayo kwa takriban herufi 70,000 za DNA. Zaidi ya hizo zipo kadhaa wa kadhaa, kila moja ikisogeza tarehe kwa siku moja au chini ya hapo. Ndiyo maana ahadi ya "614 ya kuwahi" ni ya kutiliwa shaka: kupunguza miezi miwili kunahitaji kubadilisha rundo zima la jeni, na ukishafanya hivyo hiyo si 614 tena.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea. Mahindi hayahesabu siku, huhesabu joto. Chukua joto la juu la siku, jumlisha na la chini, gawanya kwa mbili, toa 10. Hivyo ndivyo vizio vya joto vya siku hiyo. Tuseme mbegu ya kuchelewa inahitaji vizio 800 hadi kuchanua na ya kuwahi 550. Hizi ni namba za kukadiria tu, lakini zinaonyesha picha. Kikuyu, mchana wa nyuzi 22 na usiku wa 12, unapata vizio 7 kwa siku: mbegu ya kuchelewa huchanua siku ya 114. Joska, mchana wa 26 na usiku wa 15, unapata 10.5: siku ya 76.

Mtu wa Joska atafurahi kusikia 76. Asifurahi. Akipanda tarehe 25 Machi, mbelewele zitatoka karibu tarehe 9 Juni, na upande ule wa mashariki ya Nairobi mvua ndefu kwa kawaida imekwisha mwishoni mwa Mei. Hindi linaingia kwenye kuchanua na kujaza punje likiwa na kiu, mmea umekwenda juu kuliko mtu, umekunywa maji yote kulisha majani. Mavuno yake ni mabua ya ng'ombe. Mbegu ya kuwahi iliyopandwa siku hiyohiyo ingechanua karibu tarehe 16 Mei, udongo ukiwa bado na unyevu.

Trans Nzoia mvua hutoka Machi ikaenda hadi Oktoba, kwa hiyo mmea una muda wa kujipa raha. Panda sentimita 75 kwa 25, punje moja kwa shimo: mimea kama 21,500 kwa ekari, kilo 10 za mbegu pamoja na za kuziba mapengo. Ukibana zaidi ya hapo, mabua haya marefu yenye hindi lililokaa juu yataangushwa na upepo wa Agosti.

Nyota: 5 kwa Kitale na nyanda za juu zenye mvua ndefu, 4 kwa Kikuyu, 1 kwa Joska.

DH04, na neno kuhusu Duma 43

Kwa Machakos, Mwala, Joska na sehemu kavu za Kajiado, anza hapa. Hukomaa kwa miezi 3 hadi 4. Kuwahi ni njia moja ya kukabili ukame: mmea unaukimbia. Njia ya pili ni kuuvumilia, na hiyo unaweza kuikagua mwenyewe shambani bila maabara.

Mahindi yana kasoro ya maumbile: dume na jike hukaa mbali kwenye bua lilelile. Ukame ukibana, mmea hulisha mbelewele kwanza, ndevu za hindi zinachelewa. Chavua inamwagika siku chache tu, ndevu zinatoka hakuna kitu tena, na gunzi linabaki na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilichoko Mexico, walichagua kizazi baada ya kizazi mimea ambayo ndevu zake hazichelewi hata ikinyimwa maji, na mavuno kwenye ukame yakapanda. Kwa hiyo hesabu: siku nusu ya mimea inapomwaga chavua, na siku nusu inapotoa ndevu. Tofauti ya siku 2 au 3 ni nzuri. Ikifika 7, mbegu hiyo usiirudie msimu ujao katika shamba hilo, au chunguza kama ulibana mimea mno.

Kwenye sehemu kavu panda sentimita 90 kwa 30, yaani mimea kama 15,000 kwa ekari. Kosa la kawaida ni kupanda mbegu ya ukame kwa msongamano wa Kitale. Jeni haziwezi kuchota maji yasiyokuwepo.

Duma 43 iko kwenye kundi hilohilo la kuwahi. Kati ya hizi mbili, chagua iliyo na tarehe ya karibuni zaidi kwenye pakiti.

Nyota: 4.

Katumani

Mbegu ya miaka ya 1960 kutoka kituo cha Katumani karibu na Machakos, na bado inauzwa. Haiwezi kushindana na chotara kwa uzito msimu ukiwa mzuri. Ina jambo moja ambalo chotara haina: unaweza kuweka mbegu yako.

Sababu ni hii. Chotara hupata nguvu kwa kuwa imebeba nakala tofauti za jeni nyingi kutoka kwa wazazi waliotofautiana. Ukipanda punje za mavuno yake, karata zinachanganywa upya: baadhi ya mimea inachanua mapema, mingine wiki mbili baadaye, mingine mifupi, na mavuno yanashuka. Katumani ni kundi la mimea iliyozoea kuchavushana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo watoto wanafanana na wazazi kwa kiasi cha kutosha.

Masharti: iwe mbali na mahindi mengine kwa mita 200, au ipishane nayo kwa wiki 4 za kupanda. Chagua mahindi ya mbegu yakiwa bado shambani, kutoka katikati ya shamba, kwenye mimea isiyopungua 100. Ukichukua mahindi matano manene kutoka gunia, baada ya misimu michache jeni zimepungua na mimea imedhoofika. Usichague kwa ukubwa wa hindi peke yake pia: mara nyingi hindi kubwa ni la mmea uliochelewa, na utajikuta umeondoa sifa ya kuwahi uliyoinunulia.

Nyota: 3 kwa mavuno, 5 kwa asiyetaka kurudi dukani kila msimu.

Gadam

Huu ni mtama mweupe wenye asili ya Sudan, mfupi, wa siku 85 hadi 95. Sifa yake kubwa Nairobi ni soko: watengenezaji bia wa Ruaraka hutaka mtama mweupe usio na tanini. Tatizo linatoka kwenye sifa hiyohiyo. Mtama unaotengeneza tanini kwenye punje, unaoongozwa na jeni kama Tannin1, huwa mchungu, na ndege huuacha wakipata kingine. Aina za Serena na Seredo, zenye punje za kahawia, ziko upande huo. Gadam haina kinga hiyo. Kwelea wakitua punje zikiwa na maziwa, ekari haimalizi wiki. Panga watu wa kuwinga ndege kwa wiki tatu za mwisho kabla ya kununua mbegu, au panda pamoja na majirani ili hasara igawanyike. Kilo 3 hadi 4 zinatosha ekari. Baada ya wiki tatu punguza, uache sentimita 15 hadi 20 kati ya miche.

Nyota: 4 ukiwa na mnunuzi na wawinga ndege, 2 bila.

Kwenye kaunta

Pakiti za mahindi matamu kutoka Ulaya au Marekani hupita mikononi mwa watu. Ziache. Mahindi ya asili ya tropiki hungoja siku fupi, na yale ya kaskazini yalipoteza breki hiyo: kipande cha DNA kilijipachika karibu na jeni ya ZmCCT kwenye kromosomu ya 10 na kuinyamazisha. Hapa, ambapo mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, mimea hiyo huchanua ikiwa kimo cha kiuno na kutoa hindi la kidole, kama virusi vya milia havijaimaliza kwanza. Zaidi ya hayo, kuingiza mbegu nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea na mbegu, ni kosa.

Kwa pakiti ya hapa, kwaruza kibandiko cha KEPHIS na utume namba yake kwa 1393 kabla hujaondoka kaunta. Jibu likitaja aina tofauti na iliyoandikwa usoni, irudishe. Usichukue pakiti iliyokaa dirishani juani. Ukifika nyumbani funga punje 100 kwenye kitambaa kibichi: siku ya 7 zikiota chini ya 90, ongeza mbegu au badilisha, na anza mapema, kwa sababu kufikia wiki ya pili ya Machi pakiti za kuwahi ndizo zinazoisha kwanza.