Magauni ya Nyavu na Viroba: Tathmini ya Onyesho la Kirumba

Mtu aliyezoea kwenda Kirumba, jijini Mwanza, kununua dagaa na kuondoka atapata shida kuamini kwamba nyuma ya maghala ya soko la Mwaloni, katika ua wenye majabali mawili na mwembe mmoja, yamesimama magauni kumi na moja ambayo hakuna hata moja lililoshonwa kwa kitambaa. Mahali hapo ni karakana ya msanii, ambaye kwa sasa ameifungua kuwa ukumbi wa maonyesho. Kiingilio ni shilingi 3,000 kwa mtu mzima, watoto hawalipi, na mlango huwa wazi tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Nilikwenda mara mbili katika wiki moja, mara ya kwanza peke yangu na mara ya pili nikiwa na mama yangu, na haya ninayoyaandika yametokana na siku zote mbili.

Nieleze mapema ninapimia wapi. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, nami nilikulia chini ya meza yake ya kukatia, nikiokota vipande vya vitenge na kuvipanga kwa rangi. Kwangu gauni huanza na vipimo vya mtu, yaani bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, kisha hufuata swali la namna kitu ulicho nacho mkononi kinavyokubali kukatwa, kukunjwa na kushikana. Msanii anayeacha pamba, tena katika nchi ya Wasukuma ambako pamba ndiyo iliyojenga vyama vya ushirika vya miaka ya 1950, akachukua wavu, kiroba au jalada la daftari, hajasamehewa maswali hayo. Ameyafanya kuwa magumu zaidi, na ndipo ulipo utamu wa kazi yenyewe.

Gauni linalomlaki mgeni mlangoni ndilo bora kuliko yote, jambo ambalo nadhani ni kosa la mpangilio, kwa maana yanayofuata hulazimika kushindana nalo. Limetengenezwa kwa wavu wa sangara uliochakaa, wa kijani kilichopauka, na bitana yake ni wavu wa dagaa wenye matundu madogo kiasi kwamba kwa mbali huonekana kama shela. Wavu wa kutega hufungwa maboya juu na vizamishi chini ili usimame majini kama ukuta, na msanii, badala ya kuviondoa vitu hivyo kama takataka, ameviacha vifanye kazi ile ile nchi kavu: maboya madogo yamepangwa mabegani na kuyanyanyua, na vizamishi vya risasi vimebaki kwenye pindo, vikilivuta gauni lishuke kwa mistari mirefu iliyonyooka. Mama yangu alikuwa akishonea sarafu kwenye pindo la mapazia mepesi ili yasipeperuke, kwa hiyo nilipoinama na kuugusa uzito ule nilijua mara moja kwamba nipo mbele ya mtu anayeelewa nguo.

Nililizunguka gauni hilo mara tatu nikitafuta mahali alipotumia gundi kuficha uvivu, sikupaona. Kiuno kimebanwa kwa kupunguza matundu, tundu baada ya tundu, kwa fundo lile lile ambalo wavuvi hulitumia wanapoziba mahali palipochanwa na samaki au na mwamba. Kiswahili hutumia neno moja, kushona, kwa fundi wa nguo na kwa mvuvi aliyekaa mwaloni na wavu mapajani, na hapa neno hilo limekuwa kitu unachoweza kukishika. Nilipomuuliza msanii alikojifunzia fundo hilo, alijibu bila kusita kwamba kiuno hakukishona yeye, kimeshonwa na mzee mmoja mshonaji wa nyavu aliyelipwa kwa siku nne. Ni jibu la uungwana, lakini kibao kilichosimama kando ya gauni hakimtaji mzee huyo hata kwa neno moja, na ninaona kwamba alistahili kutajwa.

Gauni la viroba linafuata kwa ubora, nalo linahitaji mtazamaji anayeijua kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yanayosemwa na mvaaji bila yeye kufungua kinywa. Msanii amekata viroba vya sembe na vya mchele kwa kufuata mpango huo huo: mistari myekundu na ya buluu ya ukingoni imekuwa pindo, picha ya mahindi imekuwa mji, na mahali pa jina, pale nyuma chini kidogo ya kiuno ambapo macho ya watu hufuata, yamesomeka maneno UZITO HALISI KILO 25. Kina mama wawili walioingia nyuma yangu walicheka mpaka wakashikana mikono, kisha mmoja wao akanyamaza ghafla na kusema kwamba hilo ndilo jina la kweli, kwa sababu mzigo wenyewe huwa unabebwa. Kwa ufundi, kiroba ni adui. Ukikikata kwa mkasi hutoa nyuzi mpaka kipande chote kiishe mkononi, na sindano hukitoboa bila kukishika. Hapa kila ukingo umepitishwa kwenye moto wa mshumaa ukayeyuka kidogo na kufunga, kisha ukakunjwa mara mbili kabla ya kushonwa. Kwapa zimekatwa vibaya, zimebana, lakini hilo nitalirudia.

Sketi ya shule iliyotengenezwa kwa majalada ya madaftari ilinipendeza kuliko nilivyotarajia. Marinda yake yamekunjwa kwa namna ambayo mbele unaona mstari wa kuandikia jina, somo na darasa, na rinda likifunguka unaiona ile jedwali ya kuzidisha iliyochapwa nyuma ya daftari, mara mbili mpaka mara kumi na mbili. Baadhi ya mistari bado ina mwandiko wa watoto, na msanii amekuwa mwangalifu kukata majina yao na kuacha neno Hisabati pekee. Karatasi hupenda kukunjwa, kwa hiyo marinda yamekaa kama yaliyopigwa pasi alfajiri ile. Sina zaidi la kusema juu yake. Ni kazi ndogo iliyokamilika.

Kuhusu gauni la harusi la mifuko ya rambo, nina shaka. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na msanii anasema aliipata mifuko yake kwa majirani, ambao walikuwa wameikunja pembetatu na kuihifadhi chini ya magodoro kwa miaka. (Na mimi ninayo minne, ikiwa kuna atakayeuliza.) Simulizi hiyo ni nzuri kuliko gauni. Mifuko imekatwa maua mamia kwa mamia na kubandikwa juu ya umbo la waya, ikawa keki, wala si nguo. Ukiondoa kibao huwezi kujua kwamba hiyo ni plastiki iliyokatazwa wala kwamba mtu aliilalia. Wavu na kiroba vilimwelekeza msanii jinsi ya kukata, ilhali hapa aliamua umbo kwanza, kisha akatafuta kitu cha kulifunika.

Kasoro hiyo hiyo imeliangusha gauni la vizibo vya soda, na hapa ushindani ni mkali. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana aliyefanyia kazi Nsukka, Nigeria, kwa miongo kadhaa, ameunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vikawa mapazia makubwa yanayokunjika kama kitambaa kizito cha kifalme, na mwaka 2015 alitunukiwa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake. Vifuniko vyake ni vya alumini laini, hupondwa na kukunjwa kwa vidole. Vizibo vya soda ni vya bati gumu lenye meno, na havikunjiki. Matokeo yake ni gauni lililosimama kama dumu, zito, lenye sauti nzuri upepo wa ziwani unapolipiga, na ambalo mikono yake haiwezi kushuka. Mtu akitaka kutembea katika njia iliyokwisha kupitwa na mkubwa kama huyo, angalau aangalie anakanyaga kwa kiatu gani.

Gauni la gugumaji nitalipita kwa haraka, kwa kuwa lenyewe linapita. Mashina yalikaushwa na kusukwa vizuri, lakini kivuli cha mwembe na unyevu wa ziwa vimeyaotesha ukungu upande wa mgongoni, na pindo limeanza kunyauka. Wasukaji wa vikapu vya gugumaji wanajua kwamba mashina yasipokauka barabara huoza, na sioni sababu ya somo hilo kupuuzwa hatua chache kutoka ziwani.

Jambo lililonisumbua siku zote mbili ni kwamba magauni haya hayavaliwi. Yamewekwa juu ya vyuma vilivyochomelewa, bila hata midoli ya dukani. Mwaka 1956 Atsuko Tanaka wa Japani alipotengeneza gauni la balbu na nyaya za umeme, alilivaa mwenyewe mbele ya watu, na hatari ya kuunguzwa ikawa sehemu ya kazi. Gauni la wavu lina haki ya kuvaliwa japo jioni moja, na mtu atembee nalo kutoka uani hadi ufukweni, ili tuone maboya na vizamishi vikivutana juu ya mwili unaopumua. Vibao navyo vimeandikwa kwa Kiingereza pekee, hata kile cha gauni linalosimama juu ya utani wa kanga, na mlinzi wa mlango, kijana mwenye adabu na subira, alitumia mchana mzima kutafsiri kile ambacho kingeandikwa kwa mistari miwili.

Penye njia ya kutokea huuzwa hereni za vizibo na pochi za viroba. Nilinunua pochi kwa shilingi 15,000. Mshono wake ni imara na zipu inateleza bila kushika.

Siku ya pili msanii mwenyewe alikuwepo. Alimwamkia mama shikamoo, mama akamwitikia marahaba mwanangu, kisha akaomba ruhusa ya kugusa. Alilipita gauni la harusi bila kusimama. Kwenye gauni la viroba alivaa miwani, akageuza pindo nje ndani, akaupitisha ukucha kwenye ukingo uliochomwa, akainua mkono wa gauni na kuutazama kwapani kwa muda mrefu. “Hapa ulikata kabla ya kupima,” alisema. Msanii alikubali kwamba kiroba kilikuwa kimebaki kimoja. Mama alitoa futi yake kwenye mkoba, ambayo sikujua kwamba bado anatembea nayo, akamwonyesha ni wapi angetia kipande cha pembe nne ili kwapa ifunguke, na nilipowaacha kwenda kununua maji walikuwa wamekwisha kulishusha gauni kutoka kwenye chuma chake.