Miezi kumi na AC kwa ajili ya aleji ya mtoto: stika za filta achaneni nazo, angalieni inafungukaje

Mwaka jana nilihangaika sana kutafuta mtu aliyenunua AC kwa ajili ya aleji na sio kwa ajili ya joto, nikakosa, kila ninayemuuliza ananiambia hii inapoza haraka, ile inakula umeme kidogo, basi. Mimi joto sio shida yangu, nimezaliwa Dar hii hii, nikiwa na panga boi na shuka nyepesi usingizi naupata. Shida ilikuwa mwanangu, miaka sita, kila alfajiri chafya kumi na tano mfululizo kabla hata hajatoka kwenye neti, macho mekundu anayafikicha, pua inachuruzika, afu ikifika saa nne hivi yuko fresh kabisa anakimbiza kuku. Bibi yake akasema ni mafua ya baridi ya alfajiri, tukamvalisha sweta, tukamchua kifua, wapi.

Daktari wa watoto ndo alitufumbua macho. Akasema huo ni mzio wa pua, akaanza kuuliza maswali ambayo sikuyategemea, mtoto analalia mto wa nini, mna kapeti chumbani, mende wapo, ukuta umeota fangasi? Nikajibu ndiyo ndiyo ndiyo mpaka nikaona aibu. Mto ulikuwa wa sufi, aliupata kwa bibi, una umri kumzidi mwenyewe. Ndo akaeleza habari za utitiri wa vumbi, vidudu ambavyo kwa macho huvioni, vinaishi kwenye godoro na mito, vinakula magamba ya ngozi yetu, na kinachomfanya mtoto apige chafya ni kinyesi chao. Kilichonishika ni hiki: hivi vidudu havinywi maji, vinategemea unyevu wa hewani, ukiushusha unyevu wa chumba mpaka karibu na asilimia 50 na ukaubakiza hapo, havizaani vizuri na vingi vinakufa. Nikanunua kipima unyevu kadogo ka elfu ishirini, nikakaweka juu ya kabati la mtoto, mwezi wa nne, masika imekolea. Saa kumi na moja alfajiri kinasoma 79.

Sasa kabla ya AC nilifanya ujinga, acha niuseme ili mwingine asirudie. Nilinunua feni ya maji. Muuzaji akanibembeleza, "Mama angu, vumbi lote linabaki kwenye maji, mtoto anavuta hewa safi." Laki mbili na themanini ikaenda. Hii kitu kwa mtu wa Dodoma au Singida kule hewa kavu inafanya kazi nzuri tu, ila kwa Dar unachofanya ni kuchukua hewa iliyojaa unyevu unaiongezea unyevu. Usiku wa kwanza kipima kikapanda mpaka 88, shuka zikawa kama zimeanikwa kwenye umande, na mtoto asubuhi hali mbaya kuliko jana yake. Nimempa shemeji yuko Dodoma, anaisifia mpaka leo.

Ndo nikaingia Kariakoo kutafuta AC. Jamani, ukitamka neno aleji mbele ya muuzaji umekwisha. Nilionyeshwa AC zenye stika saba mbele, ya ioni, ya plazma, ya kuua virusi, moja ati ina filta yenye vitamini C, nikamuuliza kijana sasa hiyo vitamini tunaila au tunaivuta, akacheka ye mwenyewe. Nyingi zimeandikwa HEPA. Nikamwambia nifungulie niione. Akafungua kile kifuniko cha mbele, ndani kuna wavu wa nailoni, ule ule uliopo kwenye AC zote, afu pembeni kamechomekwa kakipande kadogo urefu wa rula, upana wa vidole viwili. Ndo hiyo filta ya aleji.

Hapa niseme vizuri maana ndo pesa za watu zinapopotelea. HEPA ya kweli inakamata asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3, lakini ili hewa ipite kwenye kitu kizito vile unahitaji feni yenye nguvu ya kusukuma, na feni ya AC ya ukutani haina nguvu hiyo, ukiifunika yote kwa HEPA hewa haitoki na koili, yale mabomba ya baridi ya ndani, inaganda barafu. Kwahiyo wanachomeka kakipande, na hewa sio mjinga, inapita pale pasipo na kizuizi. Ule wavu wa nailoni wenyewe unakamata vumbi kubwa, nywele na manyoya ya paka, na kazi yake kubwa ni kuilinda koili isizibe, sio kulinda pua ya mtoto. Na hizi za kutoa ioni nyingine zinatoa na gesi ya ozoni kidogo, ambayo kwa mtu mwenye kifua chepesi au pumu sio rafiki, mimi nilisema sitaki kabisa.

Sasa kama filta hazisaidii AC ya nini? Kukausha hewa. Hiyo ndo kazi inayosaidia aleji na hamna muuzaji hata mmoja aliyeitaja. Hewa ya chumba inapita kwenye koili ya baridi, maji yanajikusanya kama jasho la soda baridi, yanatoka nje kwa paipu. Ya pili, unafunga madirisha, kwahiyo vumbi la barabara yetu ya mtaani isiyo na lami na moshi wa jirani anayechoma taka kila jioni vinabaki huko huko. Na wale wanaodhani AC inavuta hewa safi kutoka nje, hapana, hizi split, yaani za ukutani zenye mashine nyingine nje, zinazungusha hewa ile ile ya chumbani, inayopita kwenye ile mipaipu ya kopa ni gesi tu. Mimi asubuhi mtoto akitoka nafungua madirisha nusu saa, maana chumba kinakuwa kizito.

Ukishajua kazi yake ni kukausha, unachagua tofauti kabisa. Chumba cha mtoto ni mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, kina jipsamu juu na dirisha moja. Maduka matatu kati ya manne yalitaka kuniuzia ya BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 18,000, "chukua kubwa dada, itapoza dakika tano." Ndo tatizo lenyewe! Ikipoza dakika tano inafikia joto uliloiwekea, inapunguza kazi au kompresa inazima kabisa, maji hayajatoka, unabaki na chumba cha baridi chenye unyevu, yaani pango. Ndogo inayofanya kazi polepole muda mrefu ndo inakausha. Nikachukua 9,000, inveta, ile inayopunguza kasi badala ya kuzima, laki tisa na nusu, pamoja na kufungiwa laki na ishirini. Brandi siitaji kwa sababu nimefungua za kampuni nne tofauti pale dukani na kwa ndani zinafanana kama ndugu.

Nilichokuwa nakiangalia mimi ni vitu vichache tu. Wavu unatoka kwa mkono bila bisibisi? Ile sehemu inayotoa hewa, vile vibao vinachomoka ili fundi aifikie feni ya ndani, ile ndefu kama rola? Trei ya maji inafikika? Na ina ule mtindo kwamba ukiizima feni inaendelea kuzunguka dakika kadhaa kukausha koili? Hicho cha mwisho kwangu kina thamani kuliko stika zote saba, kwa sababu koili iliyozimwa ikiwa imelowa, gizani, ina vumbi kidogo, ni shamba la fangasi. Muuzaji alinishangaa, akaniambia wateja wake wanauliza tu rangi na kama ina Wi-Fi.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha. Naiwasha saa moja jioni kwa ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, kukausha, mtoto akiingia kulala naiweka 26, kipima kinakaa 52 mpaka 57. Usiku wa kwanza niliweka ndoo ya lita kumi chini ya paipu huko nje, asubuhi imevuka nusu. Maji yale yote yalikuwa chumbani kwa mwanangu! Nikampigia mume wangu aliyekuwa safari nikamtumia na picha ya ndoo, akaniuliza nimeanza kuuza maji. Chafya zilipungua kutoka kumi na tano mpaka tatu nne, siku nyingine hamna. Ila kuwa mkweli, wiki ile ile niliutupa mto wa sufi, nikatoa kapeti, godoro nikalivisha kava la zipu, na shuka nafua kila Jumamosi kwa maji ya moto kweli kweli, digrii 60. Kwahiyo sifa zote siwezi kuipa AC. Nadhani nusu kwa nusu, na kava la godoro lilikuwa elfu sitini tu, angekuwepo mtu wa kuniambia ningeanza na hilo.

Mwezi wa tatu wa kuitumia mambo yakageuka. Chafya zikarudi, na safari hii AC ikiwaka dakika tano za kwanza kuna harufu, kama soksi iliyosahaulika kwenye begi la michezo. Mama mkwe akapata la kusema, "Si niliwaambia, hilo libaridi ndo linamuumiza mtoto." Nikaita fundi mwingine, sio yule aliyefunga. Akapanda ngazi, akaweka pima maji juu ya AC, akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, aliyekufungia hii alikuwa na haraka." AC imelala upande usio wa paipu, na paipu yenyewe ukutani imepanda kidogo kabla ya kutoka nje, kwahiyo maji hayaishi, yanabaki kwenye trei, mengine yanarudi nyuma ya ukuta. Akachomoa vile vibao akanionyesha ile feni ya rola na tochi ya simu. Nyeusi tii, imeota kama ugoro uliolowa. Yaani miezi mitatu mwanangu alikuwa anapuliziwa fangasi usoni, na mimi nalipia umeme.

Yule fundi wa kwanza nilimpigia, akasema atakuja kesho, na hiyo kesho bado naisubiri. Huyu wa pili alitumia asubuhi nzima, akafunga turubai kuzunguka AC lenye bomba la kushushia maji kwenye ndoo, dawa ya povu kwenye koili, mashine ya presha ndogo, maji yaliyotoka kama chai ya rangi, afu akainyanyua upya na paipu akaishusha vizuri. Elfu sabini. Mtoto tulimhamishia chumba kingine siku hiyo na mimi nashauri hivyo hivyo, ule uchafu ukirushwa mtu wa aleji asiwepo. Ndo maana nasema angalia inafungukaje, zipo AC ambazo kuifikia ile rola lazima ishushwe ukutani, na fundi wa haraka haraka hatashusha, ataosha wavu, atapuliza marashi, atakudai hamsini.

Saivi ratiba ni hii, wavu nauosha mwenyewe kila Jumapili ya pili, bombani tu, unakauka kivulini, servisi kamili kila miezi minne, na masika ikikaribia sisubiri. Kabla fundi hajaondoka namwaga kikombe cha maji kwenye trei nione yametoka nje au la. Kama fundi anafunga mpya, msimamie afanye hilo kabla hujamlipa, afu kama hana mashine ya kuvuta hewa kwenye mipaipu kabla ya kuachia gesi, mrudishe alikotoka.

Umeme sasa. Chumba hicho kimoja, masaa nane hadi tisa kila usiku, 26, naangalia LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, kabla ya kuwasha na baada, uniti tatu mpaka nne. Sio mbaya. Kilichouma ni kwamba tulikuwa kwenye zile uniti za shilingi mia za wanaotumia umeme kidogo, na ukivuka 75 kwa mwezi unatolewa, tukatolewa, uniti ikawa 356. Hesabu yako ianzie hapo kama na wewe uko huko, kwa sababu friji na pasi navyo utavilipia kwa bei mpya.

Mtu akiniuliza kuhusu vile visafishaji hewa vya kuweka sakafuni vyenye HEPA ya kweli, jirani anacho, kwa vumbi na manyoya ya paka kinafanya kazi kuliko AC yoyote, ila hakigusi unyevu hata kidogo, na ile filta ya kubadilisha aliisubiri wiki sita iagizwe. Kwa mende nako hamna mashine, ni kuziba matundu na kutoacha vyombo usiku, kinyesi chao nacho kinaleta aleji, na AC inakizungusha tu.

Kwa mashine yenyewe naipa nane kwa kumi, ufungaji wa kwanza naupa sifuri. Kipima hapa kinasoma 54, mtoto kalala bila sweta, na mama mkwe tangu wiki iliyopita kahamishia godoro lake humo humo, ati anamwangalia mjukuu.