Miaka 3 na Patroni: uzoefu wangu wa kuendesha klasta ya PostgreSQL kwa patronictl

Nimeulizwa mara nyingi sana kama Patroni inafaa kweli au ni sifa tu za mtandaoni, sasa naandika mara moja ili akiuliza mwingine nimpe hii asome. Mimi ndiye naangalia databesi ya kampuni ya mikopo midogomidogo hapa Dar, seva 3 za PostgreSQL (programu ya databesi) zimefungwa pamoja kwa Patroni, programu inayochagua yenyewe seva ipi iwe kuu, na karibu kazi zote nazifanya kwenye terminali kwa patronictl, komandi ya kuiendeshea. Naipenda, nasema wazi kabisa, imenirudishia usingizi. Ila kuna mstari mmoja mdogo unatokea chini ya jedwali lake, mimi sikuwa nauona na siku moja ulituumiza, nitafika hapo.

Kwanza mjue nilikotoka. Zamani tulikuwa na seva kuu moja na ya akiba moja, basi. Seva kuu ikianguka napigiwa simu saa nane usiku, naamka, naingia kwenye ile ya akiba naipandisha kwa mkono, halafu naanza kuzunguka kwenye programu moja moja nabadilisha anwani, na kila nikimaliza moja nakumbuka kuna nyingine nimeisahau. Hiyo bado ni afadhali. Balaa lenyewe ni pale seva ya zamani inapoamka yenyewe asubuhi, haina habari kwamba imeshavuliwa ukubwa, inaanza kupokea data kama kawaida. Mafahali wawili zizi moja. Ilitutokea, programu moja ya mawakala ilikuwa bado inaelekea anwani ya zamani, marejesho ya wateja 40 na kidogo yakaingia kule wakati mengine yote yanaingia huku. Tulikaa siku 2 na dada wa uhasibu, yeye anasoma risiti moja moja kwa sauti, mimi natafuta hiyo namba ya muamala kwenye seva zote 2, akisema "hii ipo?" najibu ipo huku, haipo kule, anaweka alama ya kalamu nyekundu. Kuna mama mmoja alikuwa amelipa mkopo wake wote na mfumo ukawa bado unamdai. Siku ile ndio nilisema lazima kuna njia nyingine.

Patroni ni ya bure, imeandikwa kwa Python, ilianzia kwa wale Zalando, duka la mtandaoni la Ujerumani, mwaka 2015 wakijenga juu ya Governor, programu ya kampuni ya Compose. Wazo lake ni rahisi kulielewa. Kila seva ina Patroni yake imekaa pembeni ya Postgres inailinda, halafu kuna etcd, hifadhi ndogo ya taarifa wanayoisoma wote, ambayo ndiyo inatunza ufunguo wa uongozi. Aliyeshika ufunguo ndiye kiongozi, yeye peke yake anaandika, wengine ni replika, yaani nakala zinazomfuata. Ufunguo ukiuacha na mipangilio ya kawaida una maisha ya sekunde 30 na kiongozi anauhuisha kila sekunde 10, akishindwa unaisha muda, replika zinaulizana nani ana data ya karibuni zaidi, mmoja anauchukua anapanda. Seva ya zamani ikiamka inakuta ufunguo una mwenyewe, inakuwa replika bila ubishi. Programu zetu zinapita HAProxy, programu ya kuelekeza miunganisho, na HAProxy inauliza Patroni ya kila seva kwenye poti 8008 wewe ndiye kiongozi, anayejibu 200 (yaani ndiyo) ndiye anapelekewa kazi. Habari ya kuzungukia anwani usiku ikaisha hapo hapo.

Sasa patronictl yenyewe. Komandi utakayoiandika mpaka vidole viikariri ni `patronictl list`. Ushauri wa haraka, weka njia ya faili lako la mipangilio kwenye PATRONICTL_CONFIG_FILE, la sivyo kila mara utakuwa unaandika -c na njia ndefu. Inakupa jedwali, jina la mwanachama, anwani, cheo chake, hali yake, safu ya TL (timeline) na safu ya mwisho inaonyesha replika imebaki nyuma MB ngapi. Watu wengi wanaangalia cheo tu, mimi nawaambia angalieni TL. Hiyo namba inapanda kila uongozi unapohama, kwahiyo ukilala ikiwa 14 ukaamka ikiwa 17 ujue usiku kulikuwa na mambo hata kama sasa hivi kila kitu kipo kijani, na ukikuta replika ina TL ya chini kuliko kiongozi na haisogei hiyo imeachwa njiani inahitaji msaada. Kwa mambo ya nyuma kuna `patronictl history`, inakuonyesha uongozi ulihama lini na lini.

`patronictl switchover` ndiyo naipenda kuliko zote. Nikitaka kuapdeti mfumo wa seva yenye uongozi nahamisha uongozi kwanza, inaniuliza kiongozi ni nani, nani achukue, lini, hapo naweza kuandika sasa hivi au saa fulani ya usiku, halafu inauliza tena una uhakika, naandika y. Sekunde chache imeisha. Lakini msidanganyike kwamba watumiaji hawaguswi, miunganisho inakatika, na kama programu yenu haijui kujiunganisha upya mtapigiwa simu. Yetu haikuwa inajua, ilibidi vijana wa programu wakae nayo wiki nzima.

Kubadilisha mipangilio ni `patronictl edit-config`, inafungua faili, ukihifadhi inakuonyesha kilichoongezeka na kilichotoka kabla haijakubali. Vitu kama max_connections vinataka kuristati na jedwali litakuwekea alama kwamba seva hii inasubiri. Ukiwa unaongeza hiyo namba anza na replika, kiongozi awe wa mwisho, maana replika yenye namba ndogo kuliko ya kiongozi inagoma.

Halafu `patronictl reinit`. Hii inafuta data yote ya replika na kuinakili upya kutoka mwanzo, ni dawa ya replika iliyoharibika kabisa. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka, kwasababu nilikuwa nimesoma ile ajali ya GitLab, tovuti ya waandika programu, ya tarehe 31 Januari 2017, mhandisi amechoka usiku anafuta folda ya data akidhani yupo kwenye seva ya akiba kumbe yupo kwenye ile kuu, wakapoteza data ya kama saa 6. Kwenye Patroni ukiielekeza reinit kwa kiongozi inakataa, inasema huyu ni kiongozi siwezi. Na ile `patronictl remove` inayofuta habari za klasta kwenye etcd inakutaka uandike jina la klasta kwa mkono, halafu uandike neno kwa neno kwamba unajua unachofanya, na kama klasta ni nzima inataka na jina la kiongozi pia. Aliyeandika hivyo vizuizi amewahi kuwa macho saa nane usiku, nina hakika. GitLab wenyewe baadaye waliingia Patroni.

Haya sasa ule mstari.

Kuna komandi `patronictl pause`, inaiambia Patroni tulia usifanye maamuzi yoyote, nafanya matengenezo. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunabadilisha swichi za netiweki, nikaweka pause ili waya zikichomolewa uongozi usianze kurukaruka. Kazi ikaisha saa kumi alfajiri, kila kitu kinafanya kazi, nikaenda kulala. Sikuandika `patronictl resume`. Na kila asubuhi nilikuwa naangalia klasta kwa njia ya mkato niliyojitengenezea, `patronictl list | grep Leader`, grep inabakiza mistari yenye neno hilo tu, naona jina la kiongozi nafurahi naendelea na chai. Tatizo ni kwamba klasta ikiwa kwenye pause Patroni inakuambia, inaandika chini kabisa ya jedwali Maintenance mode: on, na ile grep yangu ilikuwa inaukata huo mstari kila siku kwa siku 11.

Jumapili moja seva yenye uongozi ikazima, pawasapulai imeungua. Replika 2 nzima, zina data yote, zimekaa tu zinasubiri kwasababu mimi niliziambia zisifanye kitu. Dakika 50 mfumo haupokei marejesho, mimi nipo kanisani simu ipo kimya, mke wangu ndiye aliyeona inawaka. Nikatoka nje, nikafungua laptopu juu ya boneti ya gari, nikaandika list bila grep kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu na ule mstari upo pale. Nikaandika resume. Haikufika dakika moja kiongozi mpya kasimama, HAProxy imemuona, marejesho yanaingia. Kitu kilichoniuma ni kwamba zana ilikuwa imefanya kila inachotakiwa kufanya na ilikuwa inaniambia kila siku.

Data hatukupoteza hata moja, na hapa nawasihi wenye mifumo ya pesa, washeni synchronous_mode, inayomfanya kiongozi asubiri replika ipokee data kabla ya kuukubali muamala. Bila hiyo replika inaruhusiwa kupanda ikiwa nyuma mpaka baiti 1048576 kwa mipangilio ya kawaida, yaani kama MB 1, na MB 1 ya miamala ni watu wengi sana waliolipa. Ukiiwasha utaona replika moja imeandikwa Sync Standby na ni hiyo tu inaruhusiwa kurithi. Kuandika kunakuwa kuzito kidogo, ni kweli, mimi nimekubali.

Jambo lingine ni etcd, wengi wanaanguka hapa. Etcd inaendeshwa kwa wingi wa kura, kati ya 3 lazima 2 wawe hai na wanaonana. Sisi mwanzo tuliweka seva 2 chumba kimoja na 1 jengo lingine, umeme ukakatika kile chumba chenye 2 na jenereta ikagoma. Iliyobaki ndiyo ilikuwa kiongozi, nzima kabisa, ikajivua uongozi ikawa ya kusoma tu. Bosi akaniuliza sasa kama ni nzima kwanini isifanye kazi, na mimi mwenyewe nilikuwa na hasira. Lakini fikiria upande wake, ikiwa peke yake haiwezi kujua kama wenzake wamekufa au ni waya tu umekatika na huko wameshachagua mwingine, na ikiendelea kuandika ndio tunarudi kwenye zile risiti na kalamu nyekundu. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2023 kuna failsafe_mode, inamruhusu kiongozi aendelee etcd ikiwa imeanguka, ila inataka awafikie wanachama wote, kwahiyo wenzake wakiwa wamezimika haimsaidii. Dawa ni kutawanya, sasa hivi tupo sehemu 3 tofauti. Na etcd mpeni diski yake ya kasi, msiichanganye na diski ya Postgres, diski ikichelewa kuandika mapigo yanachelewa na uongozi unaanza kuhama bila sababu. Naiangalia kwa `etcdctl endpoint status --cluster -w table`, ukiona raft term (namba inayopanda etcd ikichagua kiongozi wake upya) inapanda panda hovyo kagua diski kwanza.

Malalamiko yangu? Maelezo yake ni marefu na yote ni Kiingereza, na mtu asiyejua Postgres vizuri atapotea, hii haikufundishi Postgres. Kama una databesi ndogo ya duka moja usijisumbue na seva 3, weka moja nzuri na bakapu. Na hata sisi wenye klasta bakapu ipo palepale, mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya replika zote zinafuta ndani ya sekunde hiyo hiyo, sisi tunatumia pgBackRest, zana ya bakapu, na kila mwezi tunajaribu kurudisha.

Baada ya ile Jumapili grep nimeitoa. Nimeandika skripti ndogo inauliza poti 8008 kwenye /cluster, anwani inayotoa hali ya klasta, jibu likiwa na pause zaidi ya saa 1 simu zetu zote 2 zinalia. Nasema zetu kwasababu nimepata msaidizi, binti amemaliza chuo mwaka jana, na wiki iliyopita alifanya switchover yake ya kwanza peke yake usiku mimi nikiwa safarini Mbeya. Alinipigia akanisomea jedwali lote kwenye simu, kiongozi huyu, TL 23 zote 3, iliyobaki nyuma MB 0, nikamuuliza na chini ya jedwali? Akanyamaza kidogo nasikia anashusha skrini, akasema "chini hakuna kitu kaka, pamekwisha."