Kamera za Kale za Filamu: Usilipe Kabla ya Kufungua Mgongo

Malalamiko ninayoletewa siku hizi yote ni mamoja. Mtu kanunua kamera ya kale pale mtaa wa Gizenga, Zanzibar, inang'aa, kitufe kinalia vizuri, kafika nyumbani filamu haina pa kuzungukia.

Habari za lenzi safi na ngozi isiyochanika mnazijua. Mie natazama rili tupu, yaani kile kijiti cha kuzungushia filamu. Filamu ya rola huvutwa kutoka rili moja hadi nyingine. Ikimalizika, ile iliyobaki tupu unaihamishia upande wa pili. Sasa Kodak walitoa namba 620: filamu ni ileile ya 120, yaani rola ya kawaida, ila rili yake nyembamba, na 1995 wakaacha kuitengeneza. Kamera ya 620 isiyo na rili yake ndani ni pambo la kabati. Hata ukiwa nayo, ukipeleka filamu kusafishwa waambie wakurejeshee rili. Wasipoambiwa wanaitupa.

Ya kwanza kwangu ni Agfa Clack, na sioni haya kuipendelea. Ni ya Ujerumani, imetengenezwa 1954 hadi 1965, inakula 120 ya kawaida na kutoa picha nane za sentimita 6 kwa 9. Ifungue uone: filamu inalala kwa mkunjo, ndiyo maana lenzi yake sahili haiharibu sana pembe za picha. Kuna alama ya jua na ya wingu za kuchagulia mwanga. Kwa jua la Forodhani, filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga) inatosha.

Ya pili Lubitel 2 ya Leningrad, nayo ya 120, unaichungulia kwa juu. Lakini lenzi yake ina vioo vitatu, na unyevu wetu wa masika hupanda ukungu katikati. Imulike kwa tochi.

Brownie Hawkeye ya Kodak, ya 1949 hadi 1961, ni ya 620. Nyingi hukubali rola ya 120 upande wa kutolea, ila upande wa kupokelea lazima rili ya 620. Tumerudi palepale.

Diana ya Hong Kong ni plastiki tupu, ya mwenye kubakiwa na chenji.

Na hawa wauzaji! Brownie ilikusudiwa watoto na watu wa majumbani, wao wanakuapia ilipiga picha Kasri la Sultani. Juzi nimeomba kufungua mgongo, naambiwa, "Dada, hiyo ya kutazama tu." Ya kutazama tu, na bei kaitaja kwa dola.